Frimasoni ni Watu Gani? Tujue Kweli, Tuache Uvumi



Ni majina machache yanayotajwa kwa mnong'ono katika miji na vijiji vyetu kama jina la Frimasoni. Kijana akijenga nyumba kubwa kwa muda mfupi, watu husema, "Huyo amejiunga." Mwimbaji akipata sifa ghafula, husemwa hivyo hivyo. Mtoto akifariki katika nyumba ya tajiri, majirani hutazamana, na kabla kaburi halijafukiwa neno "kafara" limekwisha pita mdomo kwa mdomo. Tena siku hizi hufika katika simu za watu maneno ya kuwaalika wajiunge, nao waahidiwa fedha nyingi, gari na nyumba, mradi tu watume kwanza kiasi kidogo cha ada. Wako waliotuma, wakatuma tena, na mwisho wakabaki na deni na aibu.

Wazazi nao huulizwa na watoto wao: "Baba, Frimasoni ni nini? Mama, ni kweli wanakunywa damu?" Mzazi asiyejua jibu hunyamaza, au hurudia yale aliyosikia sokoni. Yote mawili hayafai. Anayenyamaza amwachia mtoto wake afundishwe na mtaa, naye anayerudia uvumi aweza kuwa ameshuhudia uongo juu ya jirani yake.

Katika jambo hili kuna makosa mawili, na Mkristo hana budi kuyaepuka yote. Kosa la kwanza ni la wale wasemao kwamba chama hiki ni cha wachawi wauao watu ili wapate mali. Kosa la pili ni la wale wasemao kwamba ni chama cha urafiki na hisani tu, hivyo Mkatoliki aweza kujiunga nacho bila kuumiza dhamiri yake. Twataka leo tueleze kwa utaratibu asili ya chama hiki, alama zake na desturi zake, kisha tueleze Kanisa lasema nini na kwa sababu gani. Msomaji atakapomaliza ataona kwamba Kanisa limekataza jambo hili kwa sababu nzito, wala sababu hizo si zile zinazosemwa vijiweni.

ASILI YAKE

Neno lenyewe latokana na Kiingereza, na maana yake ni "mwashi huru". Mwashi ni fundi ajengaye kwa mawe. Katika karne za kati, makanisa makuu ya Ulaya yalipokuwa yakijengwa kwa miaka mingi, mafundi wa mawe walijiwekea vibanda penye kazi, mahali pa kuchongea mawe, kula na kupumzika. Vibanda hivyo ndivyo vilivyoitwa loji. Waashi hao walikuwa na kanuni zao: namna ya kumpokea mwanafunzi, namna ya kumlipa fundi, na namna ya kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Kanuni zao zimehifadhiwa katika hati za kale. Moja ya hati hizo iliandikwa Uingereza yapata mwaka 1390. Na jambo moja tusilisahau: waashi hao walikuwa Wakatoliki, na hati hizo huwahimiza wampende Mungu na Kanisa Takatifu.

Katika karne ya 17 mambo yalianza kubadilika. Kazi ya kujenga makanisa makuu ilikuwa imepungua, nazo baadhi ya loji za Scotland na Uingereza zikaanza kuwapokea watu ambao hawakupata kamwe kushika nyundo wala patasi: mabwana wenye mashamba, wasomi na askari. Msomi mmoja Mwingereza, Elias Ashmole, aliandika katika daftari lake kwamba alipokewa katika loji ya mji wa Warrington tarehe 16 Oktoba 1646. Polepole wasiokuwa waashi wakawa wengi, na chama cha ufundi kikageuka kuwa chama cha mafumbo. Vyombo vya kazi vilibaki, lakini havikutumika tena kwa kujenga nyumba. Vilitumika kwa kufundishia tabia.

Kwa mapokeo yao wenyewe, tarehe 24 Juni 1717, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, loji nne za London zilikutana katika nyumba ya kuuzia pombe karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, zikaungana kuwa Loji Kuu moja. Mwaka 1723 mchungaji wa Kipresibiteri kutoka Scotland, James Anderson, akachapisha kitabu cha katiba yao. Katiba hiyo iliweka jambo jipya ambalo ndilo kiini cha habari yetu yote. Waashi wa kale walipaswa kushika imani ya Kanisa. Sasa mwanachama alitakiwa kushika tu ile dini ambayo watu wote wakubaliana nayo, yaani kuwa mtu mwema na mwaminifu. Mengine ya imani yake ayaweke moyoni mwake. Tutalirudia jambo hili hapo mbele.

Tangu hapo chama kilienea upesi katika Ufaransa, Ujerumani, Italia na Marekani. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa mwanachama. Mtunzi mkuu wa muziki, Wolfgang Amadeus Mozart, aliyebatizwa Mkatoliki, aliingia katika loji ya Vienna mwezi Desemba 1784. Huko Boston mtu mweusi, Prince Hall, pamoja na wenzake weusi, walipokewa mwaka 1775 katika loji ya askari wa Kiingereza. Loji za Wazungu wa Marekani hazikutaka kuwakubali kuwa ndugu, basi wakaomba hati kutoka London, wakaanzisha loji zao wenyewe. Hivyo udugu uliohubiriwa kwa maneno ulishindwa pale rangi ya ngozi ilipotajwa.

Afrika ya Mashariki chama kililetwa na Waingereza wakati wa utawala wao. Loji zao zipo mpaka leo katika Nairobi na Dar es Salaam, nazo zajulikana kwa alama iliyo wazi juu ya jengo. Wala wakuu wao hawakuwa wote watu wa kujificha. Marehemu Sir Andy Chande wa Tanzania, mfanyabiashara na mtumishi wa mashirika mengi ya umma, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa kiongozi wao katika Afrika ya Mashariki. Uanachama wake ulijulikana na watu wote, naye alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2005.

Tuongeze neno moja, maana wengi huchanganya majina. Iluminati hakikuwa chama hiki. Kilikuwa chama kingine cha siri, kilichoanzishwa na profesa Adam Weishaupt katika mji wa Ingolstadt, Bavaria, tarehe 1 Mei 1776. Baadhi ya watu wake walijipenyeza katika loji za Wamasoni, lakini serikali ya Bavaria ilikipiga marufuku katika miaka ya 1784 na 1785, kikavunjika.

ALAMA NA DESTURI ZAO

Alama ijulikanayo kupita zote ni vyombo viwili vilivyowekwa pamoja: skwea, ile ya fundi yenye pembe mraba, na bikari, ile ya kuchorea duara. Skwea humfundisha mwanachama anyoshe matendo yake. Bikari humfundisha azuie tamaa zake zisipite mpaka. Katika nchi zisemazo Kiingereza huwekwa katikati herufi G, ambayo ni mwanzo wa jina la Mungu katika lugha hiyo, na pia mwanzo wa neno jiometria.

Vyombo vingine navyo vina maana. Pima maji yafundisha usawa wa watu. Timazi, ile kamba yenye risasi, yafundisha unyofu. Mwiko wa mwashi, utandazao chokaa kati ya mawe, ni upendo uunganishao ndugu. Katika loji huwekwa mawe mawili: moja ghafi, kama lilivyotoka machimboni; la pili limechongwa likawa laini pande zote. La kwanza ni mtu aingiapo, la pili ni mtu aliyejifunza. Sakafu huwa na miraba myeupe na myeusi, kwa kuonyesha furaha na huzuni za maisha. Kila mwanachama huvaa aproni, na ile ya mwanzo ni nyeupe, ya ngozi ya mwanakondoo.

Nguzo mbili husimama katika loji, nazo zaitwa Yakini na Boazi. Msomaji wa Maandiko atayakumbuka majina hayo. Ni zile nguzo za shaba za hekalu la Solomoni, zilizofanyizwa na Hiramu, fundi wa Tiro, mwana wa mwanamke mjane, kama tusomavyo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 7. Lakini Wamasoni wameongeza kisa kisichokuwamo katika Maandiko. Wasimulia kwamba mafundi watatu walimtaka Hiramu awaambie neno la siri la fundi mkuu. Alipokataa wakamwua, wakamzika, kisha maiti yake ikapatikana na kuinuliwa. Wazazi wawaambie watoto wao wazi: kisa hicho ni hadithi ya chama, si habari ya Biblia.

Madaraja yao ya msingi ni matatu, yakifuata ngazi za ufundi wa kale: mwanafunzi, fundi mwenzi, na fundi mkuu. Mtu aingiapo mara ya kwanza huondolewa fedha na kila kitu cha madini, ili aingie kama maskini. Hufungwa kitambaa machoni, huvikwa kamba shingoni, na kifua chake cha kushoto na goti moja huachwa wazi. Huongozwa kuzunguka chumba, kisha hupiga magoti na kuapa juu ya kitabu kitakatifu cha dini yake. Mkristo huapa juu ya Biblia, Mwislamu juu ya Kurani, na Mhindu juu ya kitabu chake. Ndipo kitambaa huondolewa, naye huambiwa kwamba ameona nuru. Katika daraja la tatu hulazwa chini kama maiti ya Hiramu, kisha huinuliwa kwa namna maalumu ya kushikana mikono.

Kiapo cha kale kilitaja adhabu za kutisha kwa atoaye siri, kama kukatwa koo. Wamasoni walieleza siku zote kwamba maneno hayo yalikuwa ya mfano tu, na mwaka 1986 Loji Kuu ya Uingereza iliamua kuyaondoa katika viapo. Siri yenyewe, kwa maneno yao, ni zile ishara za kutambulishana. Ibada zao zimekwisha chapwa vitabuni tangu karne ya 18, na mtu yeyote aweza kuzisoma.

Sasa msomaji ajiulize: katika haya yote, damu iko wapi? Mtoto wa kafara yuko wapi? Nyoka atapikaye fedha yuko wapi? Hayumo. Tena, katika loji zifuatazo desturi ya Kiingereza mtu aombaye kuingia hutakiwa kutamka mbele ya wote kwamba hakuvutwa na tamaa ya fedha. Hapewi mali, yeye ndiye atoaye ada kila mwaka, na michango ya hisani juu yake. Basi yule amwandikiaye mtu asiyemjua, akimwahidi utajiri kwa sharti la kutuma fedha, si mjumbe wa loji yoyote. Ni mwizi, na jina hili analitumia kama chambo, maana ajua kwamba watu wameliamini tangu zamani kuwa ni jina la utajiri. Uvumi wetu sisi ndio umemtengenezea mwizi huyo ndoana.

UONGO ULIOWAPATA WAKATOLIKI

Isidhaniwe kwamba uvumi wa namna hii ni mgonjwa wa nchi zetu peke yake. Uliwapata Wakatoliki wa Ulaya, tena wasomi wao, na habari hiyo yafaa ijulikane.

Mwaka 1885 mwandishi wa Ufaransa aliyejiita Léo Taxil, ambaye kabla ya hapo alikuwa amelitukana Kanisa kwa miaka mingi, alitangaza kwamba ameongoka. Akaanza kuandika vitabu juu ya Wamasoni, akisema kwamba ndani ya loji wanamwabudu Lusiferi, na kwamba mashetani huwatokea waziwazi. Baadaye akamtokeza mwanamke aitwaye Diana Vaughan, ambaye, kwa maneno yake, alikuwa kuhani wa Shetani akaongoka. Wakatoliki wengi walisoma kwa hamu. Magazeti ya dini yalisifu. Watu walimwombea Diana huyo. Hata katika monasteri ya Lisieux Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliguswa na habari zake, na picha yake akiwa amevaa kama Yoana wa Arc ilipelekwa kwa huyo aliyedhaniwa kuwa ameongoka.

Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil aliwaita watu katika ukumbi mmoja wa Paris ili wamwone Diana Vaughan kwa macho. Walipokuja, picha ya Teresa ilionyeshwa ukutani. Kisha Taxil akasimama akakiri mbele ya wote kwamba hakuna Diana Vaughan wa namna hiyo, kwamba habari zote alizitunga yeye mwenyewe, na kwamba alifanya hivyo ili kuwacheka Wakatoliki. Teresa alikuwa mgonjwa wakati huo, naye alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo. Lakini uongo wa Taxil haukufa pamoja na maungamo yake. Mengi yasemwayo leo juu ya Frimasoni na Shetani yalitoka katika kalamu ya mtu huyo aliyekiri kwa kinywa chake kwamba alidanganya.

Fundisho lake ni nini? Ni hili: adui wa Kanisa hufurahi anapoona Wakristo wakipigana na kivuli. Mtu akikataa Umasoni kwa sababu ya hadithi za damu, siku atakapokutana na Mmasoni mpole, mwenye adabu, atoaye sadaka kwa hospitali, atasema, "Basi, kumbe Kanisa lilinidanganya." Kumbe si Kanisa lililomdanganya, ila uvumi.

KANISA LASEMA NINI?

Kanisa lilianza kusema mapema. Baba Mtakatifu Klementi XII, tarehe 28 Aprili 1738, aliwakataza Wakatoliki kujiunga na chama hiki, na adhabu yake ilikuwa kutengwa na Kanisa. Benedikto XIV alilithibitisha katazo hilo mwaka 1751. Leo XIII, katika waraka wake wa tarehe 20 Aprili 1884, alieleza kwa urefu hatari yake kwa imani na kwa mataifa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilitaja chama hiki kwa jina.

Sheria mpya za mwaka 1983 hazikukitaja kwa jina. Wengine walifurahi, wakisema kwamba sasa mlango umefunguliwa. Haikuwa hivyo. Tarehe 26 Novemba 1983 Idara ya Mafundisho ya Imani, kwa sahihi ya Kardinali Ratzinger na kwa idhini ya Yohane Paulo II, ilitamka kwamba hukumu ya Kanisa haijabadilika: Mkatoliki ajiungaye na Umasoni yumo katika dhambi nzito, na haruhusiwi kupokea Komunyo Takatifu. Mwezi Novemba 2023, Askofu mmoja wa Ufilipino alipouliza tena, Idara hiyo ilijibu vile vile, kwa idhini ya Baba Mtakatifu Fransisko.

Kwa nini basi? Sababu tunazozitaja ni tatu, na kila mzazi azishike.

Ya kwanza ni juu ya Mungu. Loji za Kiingereza hudai kwamba kila mwanachama amwamini Mungu, nao humwita Mjenzi Mkuu wa Ulimwengu. Lakini jina hilo ni kama chombo kitupu. Kila mtu atia ndani yake imani aitakayo. Yesu Kristo hatajwi kuwa Mwokozi wa wote, ili asimkwaze mwenzake asiyemwamini. Mtu aweza kuishi kwa amani na majirani wa dini nyingine, tena yampasa. Sisi katika nchi zetu twakaa nyumba kwa nyumba na Waislamu, twazikana na kusherehekea pamoja. Lakini ni jambo lingine kupiga magoti katika ibada ambamo Kristo amewekwa kando kwa makusudi, na kuapa huko. Jirani mwema hamtaki Mkristo amfiche Kristo.

Ya pili ni juu ya wokovu. Lile jiwe ghafi lachongwa na nani? Kwa mafundisho ya loji, mtu hujichonga mwenyewe kwa juhudi na hekima, akipanda daraja hadi daraja kuelekea nuru. Sisi twaamini kwamba nuru tuliipokea katika ubatizo, na kwamba ni neema ya Mungu ituchongayo. Mtume Petro awaita Wakristo mawe yaliyo hai, yajengwayo kuwa nyumba ya roho juu ya jiwe kuu ambalo ni Kristo. Mkristo aliyekwisha batizwa hafungwi tena kitambaa machoni kana kwamba hajapata kuona nuru. Maaskofu wa Ujerumani walizungumza na Wamasoni wa nchi yao tangu mwaka 1974 hadi 1980, kwa heshima na utaratibu, wakazipima ibada za madaraja yote matatu. Mwisho walitamka kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja katika moyo mmoja.

Ya tatu ni juu ya kiapo na siri. Kiapo ni jambo takatifu, maana ni kumwita Mungu awe shahidi. Hakifai kutolewa kwa jambo ambalo mtu halijui bado. Na siri, hata ikianza kwa ishara ndogo, yaweza kuwa pazia la mambo makubwa. Italia waliona jambo hili mwaka 1981, polisi walipopata katika ofisi za Licio Gelli orodha ya watu 962 wa loji iliyoitwa P2. Walikuwamo mawaziri, majemadari, wakuu wa upelelezi na wenye magazeti. Loji hiyo ilikuwa imesimamishwa na wakuu wa Wamasoni wenyewe tangu 1976, lakini iliendelea kwa siri, na kashfa yake iliiangusha serikali. Hatusemi kwamba kila loji ni P2. Twasema kwamba mahali penye kiapo cha siri, hata walio wema hawawezi kujua ni nani asimamaye nyuma ya pazia.

TUFANYEJE?

Kwanza, tuache kusingizia. Amri ya nane haikusema kwamba ni halali kumshuhudia tajiri uongo. Jirani aliyepata mali kwa jasho lake, akaitwa Frimasoni, ameibiwa jina lake. Mama aliyefiwa na mwana, akaambiwa kwamba alimtoa kafara, ameuawa mara ya pili. Mwenye kusambaza maneno hayo atubu, na tena arudishe heshima aliyoiondoa, kwa kusema kweli mbele ya wale aliowaambia uongo.

Pili, tuwaonye vijana wetu juu ya wezi wa simu. Anayetaka fedha ili akupe fedha akuibia. Kijana aliyekwisha danganywa asifichwe kwa aibu; apeleke habari polisi, na wazazi wampokee bila matusi. Lakini aelezwe pia kwamba, hata kama fedha zake hazikufika kwa Mmasoni yeyote, moyo wake ulikuwa tayari kuuza imani kwa gari. Hilo ni jambo la kulipeleka katika kitubio.

Tatu, aliye mwanachama kweli asichukiwe wala asikate tamaa. Amwendee padre wake, amweleze mambo yote. Mlango wa Kanisa haukufungwa kamwe kwa atakaye kurudi.

Nne, na hili ndilo kubwa, tujiulize ni njaa gani iwapelekayo watu mbali. Mtu hutafuta udugu, msaada katika shida, na kuheshimiwa na wenzake. Njaa hiyo si dhambi. Katika mji wa New Haven, Marekani, padre kijana Michael McGivney aliona jinsi wanaume Wakatoliki walivyovutwa na vyama vya siri, maana vilisaidia wajane na yatima pale mwenye nyumba alipofariki. Hakutosheka na kukemea mimbarani. Mwaka 1882 alianzisha pamoja na wanaume wa parokia yake chama cha Mashujaa wa Columbus, kiwalindacho wajane na yatima kwa michango ya wote. Alifariki mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 38, na tarehe 31 Oktoba 2020 alitangazwa Mwenye Heri. Chama chake nacho kilikuwa na madaraja na sherehe za faragha. Lakini tangu mwaka 2020 mwanachama mpya aweza kupokewa mbele ya mke wake, watoto wake na waamini wote. Udugu wa Kikristo hauhitaji giza.

Nasi tunayo njia yetu. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliazimu katika mwaka 1976 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa katika nchi hizi. Lakini tuseme kweli: ni jumuiya ngapi ambazo wanaume hawaonekani kabisa, zimeachiwa akina mama na watoto? Ni ngapi zinazofika kwa mgonjwa pale tu alipokwisha kuwa maiti? Kijana asiye na kazi akikaa miezi katika jumuiya bila mtu kumwuliza hali yake, halafu mgeni akamwandikia na kumwita "ndugu", tusishangae akiitika.

Basi juma hili, kila baba wa nyumba afanye mambo mawili. Awakalishe watoto wake awasimulie haya tuliyoyaeleza, bila kuongeza chumvi. Kisha, siku ya jumuiya, aende yeye mwenyewe, wala asimtume mkewe peke yake. Na akiwa njiani apite kwa yule kijana ambaye hajaonekana siku nyingi, amchukue waende pamoja.